Msinisukume Mlangoni

Ndugu zangu wa chama, salamu nimetoa na mmeitikia, sasa nivumilieni. Mmeniomba nieleze nilivyosubiri katika maradhi yangu. Sikusubiri. Nilikasirika, na hata leo nina hasira.

Nilikuwa nikifanya kazi kiwanda cha sukari, Dzamandzar, kule kisiwani. Uhuru ulikuwa bado mchanga miguu ilipoanza kuniganda. Naenda vizuri, nikifika mlangoni nyayo zinanata chini. Lakini kwenye reli ya miwa, nikivuka taruma, yale magogo yaliyolazwa chini ya reli, moja baada ya jingine, natembea kama zamani. Mnyapara akaona. Mwenzetu huyo, si Mfaransa, ndiyo maana iliniuma zaidi. Akasema mbele ya watu, "Relini unakimbia, mlango wa kazi ndio unakushinda?" Nikafukuzwa kwa uvivu, mimi niliyezeekea pale.

Tukavuka bahari, tukahamia mtaa huu wa Mahabibo. Na ninyi, nawaambia, mlinifanyia vibaya kuliko yeye. Ijumaa moja niliganda kizingitini pa msikiti, watu wamejaa nyuma. Mmoja akanong'ona kwamba nimelewa. Mwingine akasema nina pepo anayekataa msikiti. Wa tatu akanisukuma. Nikaanguka kifudifudi, jino likatoka. Aliyenisukuma yumo humu, simtaji. Miezi minne sikuswali na watu.

Mke wangu akanipeleka hospitali. Daktari akanipima, akasema, "Mzee, miguu yako mizima. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayochakaa, na hiyo ndiyo inayosaidia hatua kuanza." Dawa ya kuiponya hana. Nililia pale pale, kwa hasira. Kumbe sikuwa mwongo.

Tulipofika nyumbani mke wangu akakata vijiti vya mikoko, akavilaza sakafuni, hatua kwa hatua, mpaka nje ya mlango.

"Haya, baba watoto, reli yako hiyo. Vuka."

Nikavuka mpaka uani. Alicheka huku machozi yanamtoka.

Sijapona, sitawadanganya. Ila Ijumaa naswali nanyi tena, kwa sababu mtunza msikiti huchora mistari ya chaki mlangoni, nami naivuka kama taruma. Namshukuru yeye na daktari. Mke wangu sina shukrani ya kumtosha.

Ukiona mtu amesimama mlangoni, usimsukume, na usimtungie maneno. Muulize.

Nawe uliyenisukuma, leo tukitoka, tangulia. Weka mguu wako mbele ya wangu, niuvuke.