Besi ya Baba Chelimo

Ndani ya Probox ya abiria iendayo Chepseon, mama mmoja alikuwa amepakata spika kuukuu. Jamaa wa kando akamwuliza mbona hakununua mpya.

"Wufa, hii ya kutoa besi, iliraruka pembeni, fundi akabandika raba ingine. Mungu ambariki."

"Haitadumu, mama. Siku hizi kuna ndogo zinapiga kuliko hiyo." Hakuna aliyemwuliza zaidi, lakini mama aliendelea.

"Wacha ikae hata mwaka mmoja. Kwa kaseti ya kwaya yetu, marehemu mume wangu, Baba Chelimo, ndiye anaimba besi. Sauti yake ilipotea, nikafikiri kaseti imechoka, nikaiweka kando. Leo fundi ameicheza, nikamsikia."

Gari likasimama. Jamaa, akishikilia kwamba mpya ni bora, alishuka kwanza, akaipokea spika kwa mikono miwili.