Mama Kavoi, Aliyekataa Kufunga Tawi la Kongo

Ijumaa tarehe 26 Juni, baada ya miaka ishirini na minne ya kazi, afisa wetu wa mikopo Mwongeli Ndululu, yaani Mama Kavoi, anastaafu. Chama chetu cha akiba na mikopo hapa Kibera kitabaki na meza yake, kikombe chake, na sisi. Poleni wanachama.

Mimi ndiye nimekuwa nikimbeba kwa pikipiki ya ofisi, na mtu aliyefika Kampala na Dodoma kama mimi hashangazwi ovyo. Huyu mama alinishangaza.

Alipotumwa Kawangware, alitumwa kukusanya viti tu. Tawi letu la huko, kwenye soko la mtaa uitwao Kongo, lilikuwa taabani, mikopo hailipwi, na kamati ilishaamua lifungwe. Akaomba miezi sita, akaongeza kwamba likishindwa ataondoka nalo. Na mwanawe Kavoi ndiyo kwanza alikuwa anaingia chuo, karo inasubiri! Tukasema mama amerukwa na akili.

Kumbe kosa lilikuwa letu. Sisi tulikagua biashara jioni, watu wakitoka kazini, wakati hata muuza mawe angepata foleni. Yeye akaanza kwenda saa nane mchana, jua kali, soko limelala. Wenye vibanda wengi aliwakuta wamelala pia. Lakini Eddah, fundi wa nguo, alimkuta akishona mabegi ya shule kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki. Kamati ikalalamika: huyo hatulii, jana marinda, leo mabegi! Mama Kavoi akawaambia asiyetulia ndiye amekuwa akimtafuta.

Akampa mkopo, akawapa na wengine wa aina yake. Si wote walifaulu. Kuna jamaa mmoja wa mayai, hebu tumwache. Ila miezi sita iliisha tawi likiwa hai, na leo linabeba ofisi kuu mgongoni. Hata mwenyekiti hukubali, akiwa ameshiba.

Alitofautishaje anayebuni na anayehangaika tu? Nilimuuliza. Akaniambia nizime pikipiki nitazame. Bado natazama.

Sherehe ni saa kumi na moja jioni. Wafanyabiashara wa Kongo wamesema watafunga vibanda waje wote. Saa hiyo, wateja wakisukumana! Katika kutembea kwangu kote sijaona kitu kama hicho.

Asante, Mama Kavoi. Ukae kwenu Kitui na afya, ucheke sana, na simu yako isikose chaji. Tuna maswali.