Funguo Mbili za Hakitupwi

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Pamoja ya Kampuni na Chuo. Wakubwa wetu wa kampuni. Daktari wetu wa chuo, ambaye leo kwa mara ya kwanza tumemwona bila gambuti. Wageni wote, pamoja na ndama mnaowasikia huko nyuma wakidai zamu yao ya kusema: tunawasalimu kwa moyo mweupe.

Sisi wahudumu wa mabanda ya ndama na wachanganyaji wa chakula tumemchagua mtunza stoo atusomee. Aliyestahili kusimama hapa ni Bi Ndama, mhudumu wetu mkuu, lakini alisema akianza kusoma atalia, na akilia yeye ndama nao wataitikia. Tukaona tusijaribu.

KARIBU TENA

Tunasema tena kwa sababu si mara yako ya kwanza. Mara ya mwisho ulikuja kutuaga. Ulisimama hapo hapo penye kivuli cha tangi la maji, ukasema kwa upole kwamba ushirikiano wa kampuni na chuo haukuzaa matunda, jaribio litafungwa, na ndama watauzwa. Hukutufokea. Ungetufokea tungekasirika yakaisha, lakini upole wako ulitunyima hata hilo. Leo umekuja na uso mwingine, na sisi tuna nyuso nyingine. Keti, kunywa maji. Tumeshusha pumzi tuliyoibana muda mrefu.

TULIKOTOKA

Ndama akiachishwa maziwa hulia, husumbuka, kisha tumbo likaharibika. Wengine tuliwazika wenyewe, na kazi hiyo haizoeleki. Kampuni na chuo wakakaa kitako, wakaja na wazo: unga wa kitunguu saumu, mnanaa na tangawizi utiwe kwenye chakula, tuone kama tumbo litapoa na mnyama akatulia. Ndama wa banda la juu wangekula chakula chenye viungo. Wa banda la chini wangekula chakula kile kile bila viungo, ili Daktari awe na wa kulinganisha nao. Wakiwa sawa, basi viungo havijasaidia kitu. Hata sisi tusiojua maabara tulilielewa hilo siku ya kwanza.

Kwenye mashine ya kuchanganya tulimweka mtu wetu bora. Tunamwita Hakitupwi, kwa sababu msumari uliopinda huunyoosha, kamba iliyokatika huiunga, na ukimuuliza ya nini, jibu lake ni neno hilo hilo moja. Amemwoa mdogo wake Bi Ndama, na utani wa mashemeji hawa wawili ndio redio yetu ya kazini.

LILILOTUPATA

Kila alipomaliza kuchanganya chakula chenye viungo, Hakitupwi alipitisha pumba safi kwenye mashine zifute mabaki, ili chakula cha banda la chini kitoke safi. Alifundishwa hivyo, naye hakuzembea hata siku moja. Ila hakuna aliyemwambia pumba zile ziende wapi. Mtu mwingine angezimwaga. Yeye alizijaza kwenye ndoo, akatazama ndama gani wako karibu, akawapelekea. Walio karibu na mashine ni wa banda la chini.

Haba na haba hujaza kibaba. Ndama ambao hawakupaswa hata kuonja viungo walivipata kila jioni, kwa upendo, mkononi mwa mtu aliyedhani anaokoa pumba. Mabanda yote mawili yakawa sawa. Daktari alipolinganisha hakuona tofauti, akarudia, hakuona tena. Ndipo ukaja kutuaga.

Utauliza kama hatukusikia harufu. Mgeni rasmi, saumu ilikuwa kwenye nguo zetu, kwenye nywele, mpaka kwenye mito ya kulalia. Watoto wetu walikuwa wanatusalimia kwa mbali. Pua zilishazoea.

Bi Ndama peke yake hakuwepo. Alikuwa kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi wewe ulikuwa umeshaondoka, akaenda moja kwa moja banda la chini kuwaaga watoto wake, maana ndivyo anavyowaita. Yule mwenye sikio lililochanika akamlamba uso. Bi Ndama akarudi nyuma.

"Wewe," alimwambia ndama, "nani kakulisha saumu?"

Hakitupwi alikuwa mlangoni na ndoo yake. "Kupata mjukuu kumekuongezea pua, shemeji," alimtania. "Hizi ni pumba za kusafishia tu. Ulitaka nizi..."

Hakumaliza. Wote wawili waliitazama ile ndoo.

Hapo Bi Ndama alibanwa kotekote. Akisema, shemeji yake atafukuzwa, na nyumba ile ina watoto wanaomwita mama mkubwa. Akinyamaza, ndama wanauzwa na sote tunafungasha. Alikaa juu ya gunia. Hakitupwi ndiye aliyeweka ndoo chini.

"Usinifichie, shemeji," alisema. "Twende kwa Daktari. Nisindikize tu, maana nikienda peke yangu miguu itanigomea njiani."

Daktari walimkuta anatia vitu vyake kwenye maboksi. Alisikiliza, akawarudisha nyuma waeleze upya, kisha akacheka mpaka akafuta machozi. Hakuwa anamcheka mtu. "Basi hatujashindwa," alisema. "Hatujapima bado." Akakupigia simu mbele yao, nawe ukakubali jaribio lirudiwe. Ungeweza kukataa, na hakuna ambaye angekulaumu. Wema huo tutakufa nao.

TULICHOVUNA

Safari hii, kwa ndama wapya, tofauti ilijionyesha. Baada ya kuachishwa maziwa, ndama wa banda la juu walilala mchana wakicheua. Wa banda la chini walilia mpaka sauti zikakauka, matumbo yakawachafuka, tukakesha nao kwa dawa na hatukumpoteza hata mmoja. Daktari anatuonya tusivimbe vichwa: hao ni ndama wetu tu, na wengine lazima wajaribu kwao. Sawa. Lakini chuo kimesema kitaleta wanafunzi, kampuni imesema itaendelea, na mabanda hayafungwi. Siku tulipoambiwa, Bi Ndama alikaa juu ya gunia lile lile akalia waziwazi. Hatukumnyamazisha, tulikuwa na machozi yetu wenyewe.

YANAYOTUBANA

Gambuti zinavuja. Taa ya banda la chini inawaka ikipenda. Na mashine, mgeni rasmi, haijaizoea mikono mipya. Inakoroma, inatoa chakula chenye mabonge, na anayeiendesha sasa ni kijana mzuri ambaye mwenyewe anakiri kwamba anaiogopa.

TUNACHOOMBA

Tunaomba gambuti na taa. Hizo hata zikichelewa, tutaishi.

Kosa lilipojulikana, kamati iliamua Hakitupwi aondolewe kwenye mashine akalinde geti. Hatukubisha. Kosa lilikuwa kubwa, na yeye mwenyewe hajawahi kuliita dogo. Ndiye aliyekufungulia asubuhi hii. Ulimpungia mkono, naye akabaki amesimama wima mpaka gari lako likafika hapa. Hajui kwamba yumo kwenye risala hii, angejua angetukataza.

Lakini kuna jambo hukuambiwa. Tulipoanza upya tuliweka pipa lenye kofuli, pumba za kusafishia zitiwe humo zisimfikie ndama yeyote. Tukakaa kuchagua nani ashike ufunguo. Kikao kilikuwa kifupi. Bi Ndama alisema, "Apewe shemeji. Hapa ni yeye tu anayeziota pumba hizo usiku." Tukacheka, tukampa.

Tangu hapo, kila jioni Hakitupwi anamwachia mwenzake geti, anakuja, anafungua pipa, anasimama hapo mpaka pumba ya mwisho iingie, anafunga, anatikisa kofuli, anarudi. Mashine yenyewe haiendeshi. Akipita huweka tu kiganja juu yake, kama mtu anayempa pole mgonjwa. Jaribio unalolipongeza leo, mlinzi wake alikuwa yeye.

Ana funguo mbili kiunoni, mgeni rasmi: mkubwa wa geti na mdogo wa pipa. Ukifika getini, tunakuomba usimamishe gari, ushuke, umwombe akupe ule mkubwa, apewe mtu mwingine. Ule mdogo mwachie, arudi nao kwenye mashine yake.

Mungu akufikishe salama, akupe afya na nyumba yenye amani, na usingizi wako uwe mtulivu kama mchana wa banda la juu.

Ni sisi, tunaonuka saumu na hatuoni haya:
Wahudumu wa Mabanda ya Ndama na Wachanganyaji wa Chakula, wote, pamoja na aliye getini.