Burulcha Ermekova na Mkate wa Mama Sairakan

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Burulcha Ermekova anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya usanifu, Kalem. Alijiunga nasi tulipokuwa na vyumba viwili tu hapa Bishkek, mashine ya kuchapia iliyokuwa ikikohoa kuliko babu mvuta tumbaku, na wateja ambao walikuwa hawajaamini bado kwamba nembo ni kitu cha kulipia. Anatuacha tukiwa na ghorofa nzima na mashine isiyokohoa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa herufi za mlangoni kwa fundi viatu. Tangu hapo amechora kwa wauza maziwa ya farasi, maduka ya dawa, kumbi za harusi, timu za wapanda farasi na kampuni ya mabasi ambayo mwenyewe aliapa hatapanda mabasi yake. Wapo wanaomkumbuka daktari wa meno aliyetaka nembo ya mbwa mwitu, meno nje. Burulcha alimwuliza, "Daktari, mgonjwa akimkuta huyu mlangoni, atafungua kinywa au atafungua mbio?" Daktari akaondoka na farasi anayecheka. Farasi yule yupo mpaka leo, na watoto humpungia mkono wakipita.

Lakini anayetaka kumjua Burulcha asimpime kwa kazi zilizofanikiwa. Ampime kwa mfuko wa mkate wa Tokmok.

Mama Sairakan alikuwa na tanuri la mikate pale Tokmok, linaloitwa kwa jina lake. Kwenye mifuko yake kulikuwa na picha yake, kitambaa kichwani, uso umekunjwa kama aliyeitwa polisi. Miaka kumi na mitano iliyopita mwanawe, Kubat, alikuja kwetu akitaka kuingia maduka makubwa ya mjini. "Dada, tuondolee huu ushamba," alisema. Burulcha akauondoa. Picha ikatoka, na jina SAIRAKAN likakaa kwa herufi nyeupe juu ya utepe mweusi, chini yake mwaka tanuri lilipoanzishwa. Ulikuwa mfuko mzuri. Akilbek, mkurugenzi wetu, aliutundika ukutani.

Tokmok hawakuutundika. Jina, mwaka, utepe mweusi, na mama mwenyewe hayupo: kwetu tangazo la msiba huandikwa vivyo hivyo. Siku ile ile mifuko ilipofika madukani, mzee mmoja wa mtaa wa mbali alifika getini kwa Sairakan akilia kwa sauti kubwa, mikono kiunoni, kama wanaume wetu wanavyomlilia maiti. Geti likafunguliwa na marehemu, unga umemjaa hadi viwikoni.

"Nani kafa?" akauliza.

Mzee wa watu akakaa chini pale pale.

Watu walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Harusi zikaanza kufuta oda, maana nani ataweka mkate wa matanga mbele ya bibi harusi? Maduka yakarudisha mikate. Wanawake waliokuwa wakikanda unga wakaambiwa wasubiri kwanza nyumbani. Kubat akapiga simu akifoka, na Akilbek akasema tusimame pale pale: mteja aliuona mfuko na kuukubali.

"Aliukubali kwa sababu aliniamini," Burulcha alisema. "Nakwenda Tokmok."

"Ukienda utakuwa umekiri kosa."

"Hicho ndicho ninachokwendea."

Sairakan alimpokea akiwa mezani, kando ya birika. Alimtazama kutoka juu hadi chini. "Ndiwe uliyeniua?"

"Ndimi, mama."

"Basi kaa unywe chai. Ni ya msiba wangu mwenyewe, wameniletea hadi sina pa kuiweka."

Burulcha alicheka, kisha akaona kuwa mwenzake hacheki. "Kuliliwa hakukuniuma," mama yule alisema. "Nani hataki kusikia atakavyoliliwa? Kilichoniuma ni kwamba mmenitoa kwenye mfuko wangu mwenyewe bila hata kuniuliza. Mwanangu hakuniuliza. Na wewe, binti, hukuja hata kuniona uso."

Burulcha angeweza kusema mengi. Alisema moja tu: "Sikukuuliza, mama. Nisamehe."

Hawajamaliza chai, teksi ikasimama nje na mwanamke akaingia uani akijikokota, analia kwa kwikwi. Alikuwa Jildiz, binti wa Sairakan, aliyeolewa na mtu ambaye mama hakumtaka, na hawakuwa wamesemeshana miaka mingi. Habari za kifo zilimkuta ziwani Issik-Kul. Alimkuta mama yake ameshatoka hadi kwenye kizingiti.

"Nilikuja kukuzika," akasema.

Sairakan akasogea kando kumpisha. "Umewahi sana, mwanangu. Ingia ndani, kuna baridi."

Burulcha alijipeleka jikoni, akaosha vikombe vilivyokuwa safi tayari.

Kesho yake alimchora Sairakan upya. Jildiz alimfunga mama yake kitambaa, Kubat akasema kimekaa upande, dada na kaka wakaanza kubishana kama watoto, na mama akaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichoingia kwenye mfuko, pamoja na unga kidevuni. Burulcha alitaka kuufuta unga. "Uache," mama alisema. "Wajue nipo kazini." Kubat akampakia mama yake kiti cha mbele cha gari la mikate, wakazunguka duka kwa duka ili kila mwenye macho ajionee. Hadi majira ya kuchipua, oda za harusi zilikuwa zimerudi, na wakandaji unga wote pia.

Tangu hapo Burulcha hakugusa penseli kabla hajanywa chai nyumbani kwa mteja na kuwasalimia wote waliomo. Ilituchelewesha, na Akilbek alilalamika kila mwezi. Wateja, hata hivyo, hawakutuacha.

Sairakan, ambaye sasa amevuka miaka themanini, ametuma salamu: "Mwambieni asiogope kustaafu. Mimi nilikufa kabisa, na Jumatatu nikarudi kazini."

Dada Burulcha anahamia Kochkor, kwa mdogo wake, ambako majirani wameshaanza kumwomba awaandikie mageti. Tunamshukuru kwa jicho lake, kwa ukali wake juu ya herufi zilizobanana, na kwa kutufundisha kubisha hodi kwa watu. Afya iwe yako, dada, meza yako isikose mkate wala wageni, na njia iliyo mbele yako iwe nyeupe, kama tunavyowaombea heri wasafiri.

Wenzako wa Kalem