Kiatu cha Mti cha Wiebren Terpstra, Mfungua Daraja wa Aldewier

Euro elfu mbili na mia nne, alizopewa na kiwanda kilichomwachisha kazi ili ajitafutie nyingine, hizo ndizo zilizokuwa zikigombaniwa mezani jioni ile ya Oktoba 2014, na Hiske, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye anayewasomea sasa, alikuwa amekwisha kusimama na koti mkononi, akisema kwamba mtu mwenye akili zake angezichukua taslimu kama kiwanda kilivyomruhusu, akaziba paa la banda linalovuja, kuliko kwenda kuzimwaga kwa mtu mjini anayejiita kocha wa kazi. Familia ilikubaliana kwamba historia hii ianze na kuzaliwa, kama za watu wote, lakini karatasi anayo Hiske, na ugomvi ule ndio uliomfanya Wiebren awe huyu mliyekuja kumzika, kwa hiyo umetangulia. Alimwambia, "Kaka, umegeuza jibini miaka thelathini na tatu, leo unataka kumlipa mtu akuulize unajisikiaje?"

Wiebren, ambaye hakuwa na desturi ya kupaza sauti, alisogeza kikombe chake, akajibu, "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Hiske aliondoka bila kumaliza kahawa.

Sasa kuzaliwa. Marehemu Wiebren Terpstra alizaliwa tarehe 9 Machi 1964 hapa hapa Aldewier, Friesland, mtoto wa kwanza wa mzee Douwe Terpstra, mfungua daraja, na mama Sjoukje, katika ile nyumba ndogo ya darajani ambayo ukipiga chafya jikoni wanakuombea afya walio majini. Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha shule ya ufundi mjini Sneek hadi 1980, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na wanaosema leo kwamba alikuwa na kipaji tangu utotoni wanasema hivyo kwa kuwa amelala hapa mbele yetu. Siku za likizo alimsaidia baba kukusanya ushuru wa daraja kwa kiatu cha mti kilichofungwa kwenye ufito wa kuvulia samaki, kikaning'inizwa juu ya mashua, mwenye mashua akatumbukiza sarafu bila kusimama, na kiatu hicho baba alikichonga kwa mkono wake, kisiginoni akachoma kwa msumari wa moto herufi D na T. Mkishike hicho kiatu vichwani mwenu, tutakirudia.

Baba huyo huyo ndiye aliyemkataza daraja, akisema kwamba kusubiri watu wapite si kazi ya kijana, akamtafutia kazi yenye paa, na hivyo tarehe 1 Agosti 1981 Wiebren aliajiriwa katika kiwanda cha jibini, chumba cha maji ya chumvi ambamo jibini hulowekwa na kugeuzwa, akapanda hadi msimamizi wa zamu mwaka 1999, akadumu hapo mpaka tarehe 30 Septemba 2014, siku chumba chake kilipofungwa na kazi ikapewa mashine. Alifunga ndoa na Aukje Reitsma tarehe 14 Mei 1988 katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Jildou mwaka 1990 na Ype mwaka 1993. Mwaka 1991 baba alifariki, kiatu kikaja kwa Wiebren, akakiweka dirishani, kikakaa hapo kama paka.

Kumtafuta kocha kulikuwa mateso, na Hiske anajua kwa sababu kila baada ya safari ilimbidi asikilize dukani kwake, huku akitengeneza baiskeli za watu. Wa kwanza alikuwa kijana wa Leeuwarden mwenye raba nyeupe, alimkalisha marehemu sakafuni juu ya mto wa kukalia, akamwambia achore maisha yake kama mto unaotiririka, akamwuliza kama angekuwa mnyama angekuwa nani, Wiebren akasema ng'ombe, kijana akaandika, na kwa kuandika huko akalipwa euro mia tatu. Wa pili alimkalisha mbele ya kompyuta ajibu maswali mpaka macho yakamtoka machozi, ndipo mashine ikatangaza kwamba anafaa kuuza maua au kulinda wafungwa. Hiske alimshauri awalinde hao makocha, mahali pao ni huko huko.

Wa tatu alikuwa Bi Mirthe Oldenhof, ambaye kabla ya ukocha alipanga safari za malori, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mikate mjini Sneek. Siku ya kwanza alimpa kahawa na biskuti moja, akafunga kopo, akamwambia, "Bwana Terpstra, mimi sikutafutii kazi, unaitafuta mwenyewe, mimi nakusumbua tu mpaka uitafute." Wiebren alirudi akisema huyu anamweza. Hiske alisema kama ni kusumbuliwa, yeye Hiske angemsumbua, tena bure.

Basi Bi Mirthe akampa zoezi, awaombe watu sita wanaomfahamu waandike kila mmoja jambo analolifanya vizuri na jambo lake moja linalowachosha, na hapo ndipo alipokosea, kwa kuwa wazazi wake walihamia huku kutoka kusini na hakuwa amejua bado kwamba kwetu mtu hasifiwi usoni, anayesifiwa usoni huanza kujiuliza unataka kumkopa nini. Wote sita, bila kushauriana, waliliruka swali la kwanza, wakalijibu la pili kwa moyo mkunjufu. Aukje aliandika kwamba mume wake husimama dirishani akitazama mfereji hadi viazi vinapoa. Ype aliandika kwamba baba hawezi kuona mashua bila kueleza imetengenezwa wapi na nani aliikosea rangi. Mkubwa wake wa kiwandani aliandika kwamba alikuwa mwepesi mno wa kusimamisha kazi akiona jambo haliko sawa, na kuwaacha watu wakisubiri bila aibu. Jirani yetu Sytse aliandika kwamba haendi likizo, kana kwamba kijiji kitahama akigeuka. Jildou alisema hivyo hivyo kwa maneno makali zaidi. Hiske aliandika kwamba huwezi kutembea naye kwa sababu kila apitaye lazima asalimiwe, aulizwe anatoka wapi na anakwenda wapi, na kwa ajili hiyo tumechelewa harusi mbili.

Marehemu alizipeleka karatasi hizo uso umemwiva, akitaka kuacha kila kitu, fedha zilizobaki kocha azile. Bi Mirthe alizisoma zote, akazisoma tena, akaanza kucheka, akazipanga mezani mbele yake na kumwambia, "Hawa watu sita wamekuandikia kazi yako, nawe unaniletea kama barua za matusi." Akamwuliza ni mtu gani anayelipwa ili asimame akitazama maji, azijue mashua, awasimamishe watu bila aibu, asiondoke kijijini na amsalimu kila apitaye. Wiebren akasema ana kiatu nyumbani.

Wiki iliyofuata alikipeleka kiatu juu ya duka la mikate, na mtu huyu ambaye kwenye mikutano ya kiwanda alitoa sentensi moja kwa mwaka alizungumza mpaka chini wakafunga duka. Msidhani kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Barua yake ya kwanza ya kuomba kazi ya darajani ilisema "Kazi hii naiweza" na sahihi chini, kocha akamrudisha, akaleta ya pili iliyosema "Kazi hii naiweza vizuri", akarudishwa tena, hivyo majira yote ya baridi, hadi Hiske akashika simu akamwuliza Bi Mirthe kama analipwa kwa karatasi. Bi Mirthe alimjibu kwamba kaka yake anajua kueleza kila mashua ya Friesland isipokuwa iliyombeba yeye. Kwenye usaili watu wa ofisi ya madaraja walimwuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano, akajibu, "Darajani." Waliandika kwamba hana makuu, wakamwajiri tarehe 1 Aprili 2015, na kiatu cha baba kikarudi kwenye ufito wake, juu ya maji yale yale.

Alifungua daraja la Aldewier misimu tisa, kila mwaka toka Aprili hadi Oktoba, na nyinyi wenye mashua mnajua mlivyochelewa kwa ajili ya mazungumzo yake, na mnajua pia kwamba mlikuja tena. Novemba mwaka jana madaktari waligundua kwamba ana saratani ya kongosho, ikaenda naye upesi, na alifariki nyumbani tarehe 17 Aprili 2024, saa kumi na moja alfajiri, kitanda kimesogezwa dirishani, mkewe na watoto wakiwa naye.

Familia inawashukuru madaktari, ambao hawakutudanganya, muuguzi Tettje aliyekuja kila siku na kugoma kuvua viatu, wafanyakazi wenzake wa kiwandani na wa darajani, na majirani, ambao kwa desturi yetu ndio watakaolibeba jeneza. Inamshukuru pia Bi Mirthe Oldenhof, aliyekaa pale nyuma karibu na mlango kama mtu anayetegemea kufukuzwa. Hafukuzwi. Hiske anaendelea kuamini kwamba bei ilikuwa kubwa, na banda linavuja hadi leo, lakini Wiebren aliulizwa, na alipoulizwa alijibu, na misimu tisa tuliyoiona ilitoka hapo.

Limebaki moja. Alipougua, ofisi ya madaraja ilikuja kuchukua funguo, koti la mvua na kisanduku cha fedha, ambavyo ni mali ya ofisi, ikachukua na kiatu, ambacho si mali ya ofisi, nacho sasa kimetundikwa ndani ya kabati la kioo kwenye ukumbi wa ofisi yao mpya, kinamulikwa na taa. Aukje alipiga simu mara mbili mumewe angali hai, akaambiwa kwamba kiatu ni kifaa cha daraja, kwamba ombi lipelekwe kwenye kamati, na kwamba kamati inakaa Juni. Marehemu hakuomba kitu kingine chochote, aliomba azikwe nacho.

Kaka Wiebren, ulitufungulia tulipopita, sasa tumekufungulia, pita taratibu, upumzike.

Na wewe Bwana Roelof Wijnsma, mkuu wa ofisi ya madaraja, uliyekaa safu ya tatu, herufi za kisiginoni ni za Douwe Terpstra, si za kamati. Jeneza litazunguka kanisa mara tatu kama ilivyo ada yetu, ikibidi litazunguka mara ya nne na ya tano, wabebaji tumewaambia, wamekubali. Gari lako liko nje. Lete kiatu.