Rubisi ya Ukweni Imefungiwa Ndani ya Gari

Benchi la Mama Eustadia, muuza kahawa wa Nkwenda, lina miguu mitatu na jiwe, na wanaolikalia wanajua kila kitu duniani. Asubuhi hiyo ya mwaka 1996, Projest alisimama hapo anywe kikombe kimoja tu cha kahawa. Gari lilikuwa la kuazima, la Kijapani, lenye king'ora cha wezi na milango inayojifunga yenyewe. Gaspari, ambaye kijiweni anaitwa Spana kwa sababu aliwahi kupaka trekta grisi, aliliona dumu la rubisi kitini, akashindilia gunzi la mahindi mdomoni mwa dumu kwa nyundo, isimwagike njiani. Akafunga mlango. Gari nalo likajifunga, funguo na rimoti zikiwa ndani! Pombe hiyo ya ndizi ilitakiwa kwa baba wa mchumba wake Anonciata, kijijini Kamuli, kabla ya saa sita. Projest alikwishaahirisha kuipeleka mara mbili, na mzee aliapa kwamba akiahirisha ya tatu hampi binti.

Sasa gari linalia, linanyamaza, linalia tena, wala hakuna aliyeligusa.

— Umeme unavuja, alisema Spana. Fungua boneti tuchomoe betri.

— Waya wa kufungulia boneti uko ndani, mzee wangu.

— Basi tulia. Haraka haraka haina baraka.

Projest alitamani kummeza mzima mzima.

— Umeme wapi! alidakia Theoneste, yule wanayemwita Redio. Swichi ya mlango imeingia ukungu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Ukungu saa nne hii, na jua lote hili?

— Basi lina msiba. Mwenyewe wa kwanza amefariki huko Japani, linamlilia.

Kahigi, maarufu kama Nukta, alitema ganda la kahawa ya kutafuna.

— Hamjui kitu. Gari hili lilipita mpakani kwa magendo. Likisikia harufu ya mgambo, linatubu. Nukta.

— Mgambo yuko wapi?

— Anakuja. Dalili ya mvua ni mawingu.

Projest alibandika uso kwenye kioo. Saa tano kasoro! Dumu lilikuwa limevimba mashavu. Likatikisika, gari likalia.

— Wazee, dumu linatetemeka!

— Lazima, alisema Nukta. Linaogopa king'ora.

Hapo akatokea Mama Kantengwa, shangazi yake Anonciata, katumwa kuangalia mkwe amekwama wapi. Projest alitamani ardhi ipasuke.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba.

Alichungulia ndani, akageuka.

— Rubisi hii bado inachemka. Nani ameiziba bila kuiachia pa kupumulia?

Wanaume waliozaliwa migombani, waliokunywa rubisi kabla ya kuota meno, wote wakawa wanatazama vikombe vyao. Vilikuwa vitupu.

Pu! Gunzi likagonga paa la gari. Povu likafurika kitini, likailowesha rimoti, rimoti ikapagawa, na milango yote ikaachia kwa pamoja: ka!

Projest alilitoa dumu kwa mikono miwili.

— Shangazi, imebaki nusu. Nimeaibika.

Kantengwa alionja funda moja. Akafumba macho. Akaonja la pili.

— Imeiva. Washa gari, mkwe wangu.

Mkwe! Projest alikimbilia usukani.

— Na sisi tulioilinda, shangazi? aliuliza Spana.

Kantengwa aliliokota gunzi, akampa mkononi.

— Hili lako. Lambeni kwa zamu.