Boti ya Faiba Nyuma ya Nyumba

Sogeeni karibu, Hilaria na Letisia, mnisikilize, maana pumzi yangu imekuwa fupi na sitaweza kurudia. Shamba la Masieda mtagawana sawa na kaka yenu Sulle, na ng'ombe abaki nao Hilaria aliyeniuguza. Hayo hayanisumbui. Ninachokiogopa ni ile boti ya faiba.

Mlikuwa wadogo Operesheni ya vijiji ilipotuhamishia huku Basotu, kando ya ziwa, sisi watu wa mlimani tusiojua hata kuogelea. Bwana samaki wa serikali, Thadei, mtu wa Bukoba, akatuletea boti kwa lori, nyeupe, nyepesi, si ya mbao bali ya nyuzi za kioo, tukaishangilia, na kijiji kikamkabidhi mdogo wangu Basili. Ikaja kugonga jiwe, ikapasuka tumbo. Waliiziba kwa lami, ikaonekana nzima. Lakini boti ile ina ngozi mbili, na maji yalikwisha kupenya katikati, yakakaa humo bila mtu kuyaona.

Siku ile nilimwambia Basili, "Mbona imezama hivi, na hujapakia kitu?" Akanijibu, "Kaka, ni uzito wa nyavu." Hapakuwa na upepo. Tulikuwa ufukweni tunamtazama, boti ikashuka nyuma, ikalala ubavu, ikapinduka juu yake. Maji yaliturudishia boti jioni ileile. Basili tulimngoja.

Kijiji kikaniachia boti mimi, ndugu wa marehemu, nikaiweka nyuma ya nyumba, nami sikuigusa tena. Sasa wiki nzima namsikia Sulle akiikwangua na kuipaka rangi. Wanangu, rangi haitoi maji yaliyomo ndani. Basi nawaagiza. Msiiuze, mtakuwa mmewauzia wenzenu msiba. Msiichome, moshi wake ni sumu. Msiigeuze hori, nyuzi zake zitawakata ng'ombe koo. Ikateni kwa msumeno, mkaifukie kule tulikochimba udongo wa matofali, mbali na ziwa.

Muiteni Sulle aniahidi mbele yenu.

Mbona mnatazamana? Sema, Letisia... Ametoka nayo asubuhi? Na mumeo yumo?

Nipeni maji kidogo. Hapana, acheni maji. Usinishike mkono, Hilaria. Kimbieni ziwani wote wawili, mkapige kelele ufukweni, mwambieni baba anakata roho, anamwita. Kwa hilo atageuza. Mungu awalinde, awape uzao na mvua, na mikono yangu iwe juu ya vichwa vyenu... na cha Sulle. Mlango uacheni wazi. Nendeni, wanangu. Nendeni.